Baba Anasema Ucheze

Kijana wetu alijifunza mchezo wa kina baba yake kwenye ukuta wa gereji ya magari, chini ya ghorofa walilokaa Alby, pembeni ya Stockholm. Alikuwa bado hajaanza shule. Baba yake anasimama nyuma yake na koti la kazi lenye vumbi la saruji, mtoto anapiga kipira ukutani, kinarudi, anapiga tena. Pu. Pu. Pu. Huko juu dada yangu anasonga ugali huku akiwaomba radhi majirani kupitia dirishani.

Ni mtoto wa dada yangu, kwa hiyo ni wangu. Ananiita mama mdogo, na nepi zake nimezibadilisha sana tu. Mama yake na mimi ni Wangoni wa Songea. Baba yake alikuwa Mwairishi, fundi ujenzi, aliyekuja Stockholm kumwaga zege kwa miezi michache, akakutana na dada kwenye ngazi za kanisa Katoliki akitafuta kona ya kuvutia sigara. Kwao hakurudi tena ila kwa likizo.

Mchezo wenyewe unaitwa hurling. Sijui niuelezeje bila kuonekana nimelewa. Watu kumi na watano kila upande, kila mmoja na fimbo yenye kichwa bapa, wanagombania kipira kigumu cha ngozi na wanakipiga kikiwa hewani, karibu na pua ya mwenzao. Ile fimbo nyumbani tuliiita mwiko, maana ndivyo ilivyo, mwiko wa ugali wa harusi. Siku nilipouona nilimwambia shemeji yangu, "Shemeji, babu zetu Wangoni walipigana kwa marungu, lakini walikuwa wanateka ng'ombe. Ninyi mnateka nini?" Akacheka hadi akakohoa.

Nikamwuliza wanalipwa kiasi gani. Hawalipwi! Hata timu ya mkoa inayojaza uwanja hailipwi. Mtu anavunjwa meno Jumapili, na Jumatatu anakwenda kufundisha shule au kukamua ng'ombe na vidole vyake vimevimba. Tena timu huchagui. Unachezea parokia yako, ulikozaliwa au ya baba yako, na ukiwa hodari kweli mkoa wako unakuita. Hununuliwi wala huhamishwi. "Ni kama ukoo, shemeji," aliniambia, na hapo ndipo nilipomwelewa kidogo.

Yeye mwenyewe aliwahi kuitwa kwenye majaribio ya mkoa akiwa kijana, akashindwa kwenda kwa kuwa tayari alikuwa ameondoka nyumbani kutafuta kazi ng'ambo. Alilitaja jambo hilo akiwa amekunywa tu, na kila alipolitaja aliangalia pembeni. Kwa hiyo tulijua tangu mwanzo mtoto anapigishwa ukuta kwa ajili gani. Alitaka kuiona jezi ya mkoa mgongoni mwa mwanawe kabla hajafa. Alikuwa akilisema hivyo hivyo, "kabla sijafa", kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, na sisi tunamwambia aache uchuro.

Jumamosi walikwenda kwenye kiwanja ambako Wairishi wa Stockholm hukutana: mafundi wenzake, vijana wa kompyuta kutoka Kista, padri mmoja mwenye goti bovu. Kijana wetu alikuwa mtoto kati ya wanaume. Wakati wa baridi walicheza hata ardhi ikiwa imeganda ngumu, na alirudi nyumbani mikono imechubuka, midomo ya bluu. Shuleni walimtaka kwenye timu ya mpira wa magongo wa ndani, kocha wa Kiswidi akaja hadi nyumbani kumwomba. Shemeji akamkaribisha chai, akamsikiliza vizuri, akamwambia hapana. Nilikasirika siku hiyo. Nilimwambia, "Huyu mtoto ana shule, ana marafiki, ana timu iko hapa chini ya nyumba, wewe unamlea kwa ajili ya kijiji cha mvua ambacho hata wewe ulikikimbia!" Alichukua msasa akaendelea kulainisha mwiko.

Kila likizo ya kiangazi alipelekwa kwa bibi yake, kwenye parokia ya baba yake, akacheza na watoto wa huko. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mwaka mmoja mtu mzima mwenye akili zake alisimama pembeni ya uwanja akamzomea kwamba arudi Afrika. Dada aliposikia alitaka kukata safari zote. Kijana akamjibu kwa Kiswidi, kama kawaida yake, kwamba pale ndipo kwake, aende wapi. Alikuwa na miaka kumi na minne, na alisema bila hasira yoyote, kama anayetaja namba ya nyumba.

Kiswahili alikisikia chote, ila kukisema alikisema kwa shida maalumu: akiwa na njaa, akiwa mgonjwa, akiwa na hofu. Mengine yote Kiswidi kwa mama yake na Kiingereza kwa baba.

Alipomaliza shule akahamia Ayalandi kusoma chuo. Mwaka wa kwanza parokia ikampa nafasi kwenye timu ya wakubwa. Akavunjika kidole, akafungwa bendeji, akacheza. Akang'oka jino. Mwaka wa pili timu ya mkoa ya vijana ikamwita, na siku jina lake lilipotoka shemeji yangu alikaa chini sakafuni jikoni, mgongo kwenye friji, akalia kwa sauti. Tulidhani ni furaha peke yake. Kumbe mgongo nao ulikuwa unamuuma, na ulikuwa umemuuma muda mrefu, naye alikuwa akisema ni zege.

Haikuwa zege. Ilikuwa saratani ya kongosho, na ilipoonekana ilikuwa imeshatembea. Mimi kazi yangu ni kuhudumia wazee Akalla, nimeona wengi wakienda, na nilipomtazama macho yalivyopata rangi ya manjano nilijua kwamba hatafika Krismasi. Dada naye alijua. Shemeji akatuketisha sisi wawili akatuapisha. Kijana asiambiwe. Mechi yake ya kwanza ya kuuchezea mkoa ilikuwa mbele, kocha ameshamwambia ataanza, na akiambiwa atapanda ndege aje akae kando ya kitanda, na nafasi ile haitarudi. "Namjua," alisema. "Atakuja. Acheni acheze, halafu mimi mwenyewe nitamwambia." Waswahili wanasema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Nilimwambia hivyo usoni. Akasema, "Basi kiniumbue Jumatatu, baada ya mechi, si kabla."

Akawa anaongea na mwanawe kwa simu bila picha, sauti ameikaza, anamuuliza habari za mguu wa kushoto na upepo. Akimaliza anatapika.

Mtani wetu alikuwa akija kila jioni. Huyu ni Mhehe, mzee aliyestaafu udereva wa basi, anakaa Farsta, na kama mjuavyo Wahehe na Wangoni walichinjana zamani mpaka wakachoka, ndipo wakawa watani. Kwa kuwa shemeji alioa kwetu, mtani alimhesabu kuwa Mngoni. Alimwita Mngoni Mweupe. Anaingia bila kugonga, anamwambia mgonjwa, "Bado upo tu? Nimeshavaa suti yangu ya msiba mara mbili bure!" Na shemeji, ambaye hakuwa anakula kitu, alikuwa akicheka. Wauguzi Waswidi waliokuja kumchoma dawa ya maumivu walikuwa wakitutazama sisi sote kama wehu.

Alikufa Jumamosi asubuhi, nyumbani, chumbani kwao. Mechi ilikuwa Jumapili.

Kabla ya saa sita sebule ilikuwa imejaa. Nawaambieni, watu wetu hapa Stockholm wametawanyika kona zote, lakini msiba ukitokea wanafika kabla ya chai kuchemka: Watanzania, Waganda, mama mmoja Mkongo na sufuria yake, mwenyekiti wa jumuiya yetu, mzee aliyekuja zamani kama mwanafunzi. Mdogo wake shemeji naye alikuwepo, ametoka Ayalandi siku chache nyuma kumuuguza kaka yake. Alikaa katikati yetu kwenye kochi, kikombe mkononi, na sisi tukajadili kwa Kiswahili jinsi kijana atakavyoambiwa.

Desturi yetu mnaijua. Mtu aliye mbali haambiwi kifo kwenye simu. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa, njoo. Akifika anakuta watu, na watu ndio wanaomwambia, wakiwa wamemshika. Wapo wanaoicheka desturi hii, wanaiita uongo. Mimi siicheki. Kazini kwangu tumefundishwa tofauti. Tumefundishwa kumwambia mtoto wa marehemu neno lenyewe, amekufa, wala si ametutoka au amepumzika, ili asibaki na shaka, na nimelisema mara nyingi kwenye simu za watu. Nimesikia upande wa pili mtu akianguka peke yake jikoni kwake. Baba yetu alipofariki mimi niliambiwa anaumwa. Nikapanda ndege na dawa za presha kwenye mkoba. Nikawakuta shangazi zangu wamejipanga uwanja wa ndege Dar es Salaam, kila mmoja na khanga yake kiunoni, nikaelewa, nikaanguka, na nilianguka mikononi mwao. Tangu siku hiyo mtu asiniambie kitu kuhusu desturi ile.

Kwa hiyo tulikubaliana. Dada apige, aseme baba amezidiwa, njoo leo. Basi. Nilikuwa nimekaa naye bega kwa bega, simu ameiweka sauti ya nje.

"Mwanangu, baba amezidiwa."

"Amezidiwa na nini?" Kiswidi. "Si mlisema mgongo?"

"Ni zaidi ya mgongo. Njoo nyumbani."

"Leo? Mama, mechi ni kesho." Halafu kwa Kiswahili, kwa sauti ile ya utotoni, "Baba anasemaje?"

Dada yangu akageuka kuutazama mlango wa chumbani. Ulikuwa umefungwa, watu wa mazishi walikuwa bado hawajaja kumchukua.

"Baba anasema ucheze," akasema.

Hakulitunga neno. Ndilo neno la mwisho la shemeji lenye maana, alilisema usiku kucha hadi likawa pumzi tu. Lakini mtoto alikuwa ameuliza anasemaje, na aliyeulizwa alikuwa maiti nyuma ya mlango.

"Basi mwambie nitacheza," kijana akasema. "Mwambie aangalie." Akakata, akazima simu kabisa, kama baba yake alivyomfundisha: kabla ya mechi, zima simu, dunia itakusubiri.

Mwenyekiti akavua miwani. "Hapo umevuka mpaka, mama," akamwambia dada, polepole. "Ungeishia kwenye njoo." Mama Mkongo akaanza kulia. Tukapiga tena na tena, simu imefungwa. Na hata ingefunguliwa, sijui nani kati yetu angekuwa na ulimi.

Yule mdogo wake shemeji hakuelewa hata neno moja. Alimgusa dada mkono, akamuuliza kwa Kiingereza kama ameongea na kijana. Dada akajibu kweli tupu. Akasema ndiyo, ameongea naye, na atacheza kesho. Yule mtu akaziba mdomo kwa kiganja, machozi yakamtoka. Akasema huyo ni mwanamume kweli. Akatoka kwenye veranda akawapigia watu wa kwao, kwa sababu kwao nako kuna desturi. Kwao mtu akifa anatangazwa siku ile ile, redio ya mkoa inasoma majina ya wafu baada ya habari, na anazikwa kabla juma halijaisha. Akawaambia shemeji amekufa. Akawaambia kijana anajua, ila ameamua kucheza, wasimsumbue kwa maneno mengi.

Wala hakukosea. Mimi ningekuwa yeye ningefanya vile vile.

Jumapili alasiri mechi ikaonyeshwa kwenye kompyuta. Sebule imejaa tena, watu wamekaa hadi sakafuni, mtani kwenye kigoda na suti yake. Timu zilitoka. Nikamwona kijana wetu, kofia ngumu yenye kimia usoni, jezi ya mkoa mgongoni, na nitasema kweli, alipendeza. Kila mchezaji wa timu yao alikuwa na utepe mweusi kwenye mkono wa jezi. Baadaye tuliambiwa kwamba asubuhi yote wenzake walikuwa wakimshika bega na kunyamaza. Alidhani ni kwa sababu ni mechi yake ya kwanza. Utepe alifungiwa na mzee mmoja wa timu, akadhani kafa mtu wa chama cha mchezo, akashukuru.

Wakajipanga mstari katikati ya uwanja. Mtangazaji akaomba dakika moja ya kimya. Akasoma jina la shemeji, akasoma jina la parokia yake, akasema baba wa mchezaji wetu, aliyefariki jana huko Stockholm.

Mdogo wake shemeji alisimama pale sebuleni, mkono kifuani. Sisi wengine hatukusimama. Kamera ilikuwa inapita taratibu juu ya vichwa vilivyoinama, kimoja baada ya kingine, vyote vimeinama, na kimoja kikawa kimeinuka. Alikuwa anatazama vipaza sauti. Kisha akamtazama jirani yake upande wa kulia, halafu wa kushoto. Nao wameinama, hawamwoni.

"Hajui," dada akasema. "Jamani, hajui. Mtoto wangu hajui!"

"Sasa anajua," mtani akasema, na hakuwa akitania.

Filimbi ikapulizwa. Nilidhani atatoka. Niliomba atoke, aanguke, atupe ule mwiko aende zake. Alicheza. Alicheza mpaka mwisho, na alifunga, kipira kilipita juu kati ya miti miwili ya goli, na kwao hiyo ni alama, na watu wa uwanja mzima wakapiga kelele kwa ajili yake, wakidhani wanajua wanachokiona. Hakuinua mkono. Alirudi mahali pake akangoja kipira kingine.

Simu ililia jioni. Safari hii Kiswidi, sauti kavu. "Uliponipigia, baba alikuwa hai?"

"Njoo nyumbani, mwanangu," dada akasema.

"Nimekuuliza."

"Njoo, baba yangu, njoo."

Akakata.

Alikuja kesho yake. Tulikwenda kumpokea uwanja wa ndege watu wengi, tumejipanga kama inavyotakiwa, mikono tayari. Hakuanguka kwenye mkono wa mtu. Alitusalimia mmoja mmoja kwa heshima, shikamoo mama mdogo, shikamoo mzee, na alipofika kwa mama yake akachukua begi lake akatangulia kwenye treni.

Na nchi hii, Mungu anisamehe, haiziki watu. Mwili unawekwa kwenye baridi majuma hadi zamu yako ifike. Wairishi walishangaa sana; shemeji mdogo alikuwa akizunguka sebule akiuliza kaka yake amekosa nini. Majuma yale yote kijana alikaa pale nyumbani. Alikula alichowekewa. Akiulizwa na mama yake alijibu ndiyo, hapana, asante, Kiswidi, kama anayejibu karani. Mchana alishuka chini kwenye ukuta wa gereji. Pu. Pu. Pu. Dada alikuwa akisimama jikoni na taulo mkononi akisikiliza. Nilimwambia, "Dada, shuka umwambie. Mwambie kwa mdomo wako baba alikufa lini." Akasema, "Nimwambie nini asichokijua?" Nikamwambia si kujua, ni kuambiwa. Akanifokea, tukafokeana, mimi na yeye tuliolala kitanda kimoja utotoni, kwa sababu ya neno moja ambalo mimi nalisema kazini na yeye hawezi.

Siku ya mazishi kulikuwa na manyunyu. Wale Wairishi wa Jumamosi walijipanga mistari miwili na miiko yao, jeneza likapita katikati. Padri akamaliza. Wanaume wakashika kamba. Ndipo mtani akajitosa. Alikuja mbio kwa umri wake ule, akiwa na mwiko wa zamani wa shemeji, uliofungwa bati, sijui aliuchukua saa ngapi nyuma ya mlango. Akasimama ukingoni mwa kaburi akazuia. Wahudumu wa makaburi wakashtuka, mmoja akaja, mwenyekiti akamzuia kwa mkono.

"Hapitishwi mtu hapa!" mtani akapaza sauti. "Wangoni walitushinda kwa rungu, leo wanataka kutushinda kwa mwiko?" Akaanza kumwigiza marehemu. Alimwigiza kila kitu, kikohozi chake, bega lililolegea, jinsi alivyotembea pembeni ya kiwanja akimfokea mwanawe kwa Kiswahili kibovu, "Guu la kuchoto! Guu la kuchoto!" Watu wetu wakacheka kwa kilio. Wairishi hawakuelewa maneno, lakini mtu wao walimtambua, na yule padri mwenye goti bovu akawa wa kwanza kucheka.

Kisha mtani akapiga magoti, akaligonga jeneza kwa mwiko, mara moja, taratibu.

"Inuka basi, Mngoni Mweupe," akasema. "Mwanao ameambiwa unaumwa. Ameambiwa umesema acheze. Inuka, unamfanya mkeo mwongo."

Hakuna mtu mwingine duniani ambaye angelisema neno lile akatoka pale na meno yake. Mtani ndiye aliyeruhusiwa, na ndiyo maana Mungu alituwekea watani. Kijana alicheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kilitoka kama kikohozi, kikageuka kilio, na akaanguka kweli, mikononi mwa mzee wa Kihehe, kwenye tope la makaburi. Dada yangu alijifunika khanga usoni. Nilidhani yameisha.

Hayakuisha. Hakurudi Ayalandi. Chuo kikaandika, kikaacha. Akapata kazi kwenye ghala, anapanga maboksi, anatoka alfajiri anarudi giza, na ukutani hashuki tena. Mwiko wake aliusimamisha nyuma ya mlango pamoja na wa baba yake. Kwa mama yake alikuwa na adabu zote, anabeba mifuko, anafuta theluji mlangoni, na hamwambii kitu. Miezi ikaenda hivyo. Dada alikonda hadi pete ikawa inamvuka.

Ilikuwa Jumapili, mwishoni mwa majira ya baridi, jua limeanza kurudi. Nilikuwa nimekwenda Alby baada ya misa, nakatakata vitunguu mezani, dada yuko jikoni na maharage. Kijana akaingia akiwa ameshika simu. Akasema kwa Kiswidi kwamba kocha wa mkoa amempigia. Wanaanza tena mazoezi, nafasi yake ipo kwa mwaka huu, wa mwisho kwa umri wa timu ya vijana, baada ya hapo haipo. Anataka jibu leo.

Dada hakugeuka. Nilimwona mgongo tu, na mwiko wa kupikia umesimama ndani ya sufuria.

Halafu kijana akauliza, kwa Kiswahili, "Mama. Baba anasemaje?"

Kisu kilinisimama mkononi. Nilijua neno analolitaka moyo wake dada, neno lile lile, lipo tayari mdomoni, na ni kweli marehemu angelisema. Nikamwomba Mungu dada alimeze.

Akageuka. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayechomwa sindano.

"Baba hasemi kitu, mwanangu," akasema. "Baba amekufa. Alikufa asubuhi, kabla sijakupigia."

"Kabla."

"Kabla. Alikuwa chumbani, amefunikwa. Nilikuwa nautazama mlango."

"Na mimi nikacheza."

"Ukacheza."

Kijana aliiweka simu mezani, kioo chini. Ililia baadaye, ikalia tena, na hakuna aliyeishika; kocha hakupata jibu siku ile. Akavuta kiti akaketi mbele ya mama yake, yule mtoto mrefu, mikono yake mibovu juu ya magoti.

"Haya," akasema. "Sasa niambie alikufaje."

Dada akazima jiko, akaanza kumwambia.